Surua ya Mgunga Mmoja

Jumatatu, 8 Novemba 1982

Nimerudi jana kutoka kwenye semina Kolandoto. Majuma mawili ya kukaa darasani na siku nzima juu ya lori la pamba. Kiuno kimekufa ganzi. Kituo nimekikuta vile vile. Mishahara haijafika, sabuni hakuna, mvua haijanyesha. Telesphori, dereva wetu, ndiye niliyemwachia ufunguo wa chumba cha chanjo. Nimekuta jokofu letu la mafuta ya taa linawaka na limefutwa vumbi. Hata kuku wangu kawalisha. Huyu ni baba wa ubatizo wa mwanangu Kamili, na tangu mume wangu afariki sina mwanaume mwingine ninayeweza kumwachia ufunguo nikalala usingizi.

Alhamisi, 11 Novemba

Joto. Mawingu yanakuja mpaka juu ya mapaa, kisha yanaondoka.

Ijumaa, 12 Novemba

Amekuja mgeni kutoka mkoani, afisa mipango, jina lake Cornel. Kijana bado, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi. Mganga wetu mkuu, Gelasius, alimkaribisha kwa chai ya rangi bila sukari na kumwomba radhi mara tatu kwa ajili ya hiyo sukari.

Kazi aliyotumwa ni kupima kama kliniki yetu ya mkoba ina faida. Dizeli ya wilaya haitoshi tena. Wanataka kujua ipi ibaki: gari letu linalozunguka vijijini kupima watoto uzito na kuwachanja, au jenereta ya wadi na gari la wagonjwa.

Nilimuuliza, "Ndugu Cornel, kwani mtoto mmoja ana bei gani?"

Hakukasirika. Akasema, "Mama Kamili, hilo silo nililotumwa kuuliza. Ninachouliza ni kwamba nikikupa wewe mafuta, nani atajifungua gizani?"

Akaendelea: "Aliyetibiwa namwona, ana kitanda na jina. Nionyeshe mtoto ambaye hakuugua kwa sababu yako."

Nimemchukia mpaka sasa ninapoandika.

Ijumaa, 19 Novemba

Leo tulikuwa Mgunga Mmoja, machimbo ya dhahabu huko porini, safari ya nusu siku kwa gari. Watu wa kila kabila: Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wakurya. Wanalala kwenye vibanda vya nyasi na maturubai, wanakunywa maji ya mashimo wanayooshea mchanga wa dhahabu. Cornel alikuja nasi. Telesphori, kama kawaida yake, alibeba mizani na kuitundika kwenye mti huku akiwatania kina mama, nao wakacheka, na foleni ikaenda.

Mama mmoja Mkurya, Bhoke, alikataa mwanzoni. Ana wasichana wawili, Ghati wa miaka mitatu na Robi mchanga wa miezi minne. "Mwanangu ni mzima. Kwa nini umchome mtu mzima?" Nilimkalisha chini, nikamweleza surua ni nini, nikamwambia, "Mwamini mwanamke mwenzio. Huyu mdogo tutamngoja afikishe miezi tisa. Lakini Ghati mlete." Akamleta. Baada yake wakaja wengine waliokuwa wamesimama mbali wakitazama.

Cornel aliandika idadi yao, akamuuliza Telesphori gari limekunywa mafuta kiasi gani. Hayo tu ndiyo aliyoyaona.

Alhamisi, 2 Desemba

Mvua! Usiku kucha. Asubuhi hata Gelasius alikuwa na jembe.

Jumamosi, 25 Desemba

Kamili yuko nyumbani kwa likizo. Tumekula kwa Telesphori, kuku na ugali wa mtama. Mkewe Paskalia amekonda. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema hapana, ni watoto wanakula sana. Tukacheka.

Jumatano, 12 Januari 1983

Matope. Gari lilikwama mbugani, tulilala humo.

Jumatatu, 24 Januari

Mchimbaji kaleta mtoto mgongoni, katembea toka Mgunga Mmoja. Homa, macho mekundu, kikohozi, na ndani ya mashavu vile vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Nilijua ni surua kabla upele haujatoka. Nikaomba kadi yake. Baba akaifungua kwenye kitambaa, safi, haijakunjwa hata kona. Alichanjwa tarehe 19 Novemba. Kwa mwandiko wangu.

Nimejiambia, hutokea. Mmoja katika wengi chanjo haimshiki. Semina walituambia hivyo.

Ijumaa, 28 Januari

Wameletwa wengine. Wana kadi.

Jumatatu, 31 Januari

Wana kadi. Wote wana kadi.

Ijumaa, 4 Februari

Wadi imejaa, tumelaza wawili wawili, wengine barazani. Mvua inaingia kutoka upande. Dawa ya nimonia imekwisha tangu jana. Gelasius anaandika dawa ambazo hazipo na kuwaambia wazazi wakatafute Kahama mjini, maduka ya Nyasubi, naye anajua kuwa barabara imekatika. Simlaumu. Mtu lazima amwambie mzazi kitu.

Watoto waliokuja na uzito mdogo ndio wanaoondoka kwanza. Wananyonya lakini hawamezi. Nawapa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na sukari yenyewe ni ile niliyokuwa nimemfichia Kamili.

Jumatano, 9 Februari

Ghati amefariki leo mchana.

Bhoke alimleta jana juu ya baiskeli ya jirani, Robi mgongoni. Niliposikia kifua cha mtoto nilijua. Nilikaa naye, nikamtilia maji kwa kijiko kati ya midomo iliyochanika. Bhoke hakulia. Alipoona nimeacha kijiko, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza njia: "Nesi, si ulisema?"

Nikakifuta kijiko.

"Ulisema nikuamini."

Akamfunga mtoto kwa khanga, akaomba nimshikie Robi kidogo anawe miguu, kisha akanipokonya. Robi haumwi, kinga aliyozaliwa nayo bado inamlinda. Wameondoka kwenye mvua, Ghati amefungwa juu ya baiskeli. Nilitaka kuwafuata na mwavuli. Sikuwafuata. Mwavuli wa nini.

Alhamisi, 10 Februari

Siwezi kuandika.

Jumatano, 16 Februari

Jumatano ya Majivu. Padri amenipaka paji la uso, na kina mama wa benchi la mbele wamenigeuzia mgongo. Huko nje wanasema sindano zangu ndizo zilizoleta surua. Mmoja kasema serikali inapunguza watu.

Ijumaa, 18 Februari

Cornel amerudi. Amekonda naye. Amepita vituo vya wilaya yote kwa miguu na kwa matrekta. Alinikuta nachemsha vijiko.

"Nimeona kadi," alisema. "Waliochanjwa wamekufa sawa na wasiochanjwa. Nikiandika hivyo, kliniki ya mkoba imekwisha, hapa na wilaya nzima."

Nilimwambia aandike. Nilimwambia aandike pia kwamba nimechoka na nataka kufungua kibanda cha kuuza maandazi.

Akakaa kwenye beseni lililopinduliwa. "Kuna kitu hakikai sawa. Vijiji ulivyochanja Septemba, upande wa Ushirombo, surua imepita barabarani mbele yao na haikuingia. Watoto wale wale, njaa ile ile, nesi yule yule. Kwa nini kule imefanya kazi na Mgunga Mmoja haikufanya?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimewafikiria waliokufa tu.

Jumanne, 22 Februari

Tumezunguka Mgunga Mmoja, Cornel na mimi, kibanda kwa kibanda. Hakuuliza nani amekufa, hilo watu walimwambia wenyewe. Aliuliza mengine. Nani alibaki na mtoto? Shamba lilikuwaje? Mliuza nini?

Maduhu, mkulima mwenye shamba pembeni mwa machimbo, alituonyesha pamba yake. Haionekani, ni magugu tu. Palizi ndiyo ilikuwa wakati mkewe yuko wadini kwetu na mtoto, majuma matatu. Alimuuza ng'ombe dume wa kulimia ili atafute dawa mjini, na dawa hakuipata. Mtoto amepona, lakini bibi yake alimtia machoni maji ya majani, na sasa macho yamekuwa meupe kama ya samaki aliyechemshwa. Alikuwa amekaa mlangoni akipapasa ukuta. Wana wa Maduhu watakuwa wakimshika mkono huyo binti mpaka azeeke.

Cornel alimuuliza Maduhu, "Mwakani utalima na nini?"

"Na mikono, baba."

Tulipotoka, Cornel alisimama nyuma ya mti kama mtu anayekwenda haja, akakaa muda mrefu. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Huko ofisini tunahesabu dizeli. Huyu ng'ombe hatujapata kumhesabu."

Sina chuki naye tena. Sijui ilikwenda lini.

Ijumaa, 4 Machi

Nilikwenda kwa Bhoke peke yangu, na unga kidogo. Sikujua kama atanifungulia. Alinifungulia. Mumewe yuko shimoni. Robi anakaa sasa, ana nyama mapajani.

Mwishowe, ili tu kusema kitu, nikaisifu taa yake, karabai ya wachimbaji iliyong'arishwa vizuri, nikasema siku hizi mafuta ya taa ni dhahabu yenyewe, wanapata wapi?

"Sasa hatupati," alisema. "Ile Oktoba ndiyo tulipata. Dereva wako alituletea madebe, wanaume wakawa wanachimba na usiku. Alisema ni ya kituo, yamezidi."

Nikamuuliza Oktoba lini. Akasema kabla ya mimi kuja na sindano. Alipokuwa anakuja yule dereva peke yake, nesi yuko masomoni.

Mafuta ya kituo hayajawahi kuzidi. Mafuta ya taa ya kituo yanawasha kitu kimoja tu.

Jumamosi, 5 Machi

Nilimkuta Telesphori chini ya Landrova, miguu tu inaonekana. Nikamwambia atoke.

"Telesphori, nilipokuwa Kolandoto uliliacha jokofu likazimika?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nilimwomba Mungu akatae. Angekataa ningemwamini, nasema kweli, ningemwamini.

"Siku chache, Mama Kamili. Mshahara ulikuwa haujatoka tangu mavuno. Mwanangu Anisia na wadogo zake walikuwa wanakula michembe, vile viazi vikavu, mara moja kwa siku, na ile michembe yenyewe ya kuomba. Nikasema mafuta yatakuja kabla hujarudi. Na kweli yalikuja. Nikaliwasha. Likapoa vizuri, nilitia mkono."

"Na chanjo?"

"Nayo ikapoa." Akanitazama usoni, na hapo ndipo nilipoona kuwa hajui. "Si ilipoa tena? Mimi nilidhani ikipoa inapona."

Nikamwambia chanjo ya surua ikishapata joto imekufa, hata uipeleke kwenye barafu ya mlima. Nikamwambia tulichoma maji. Watoto wote wale wa Mgunga Mmoja tuliwachoma maji, na kadi tukawapa.

Aliketi chini pale pale kwenye matope. Kisha akaanza kuwataja watoto. Anawajua wote kwa majina, yeye ndiye aliyekuwa akiwaweka kwenye mizani.

Jumapili, 6 Machi

Sikwenda misa.

Jumanne, 8 Machi

Nimemwambia Gelasius. Alifunga mlango na dirisha. "Mektilda, hili life hapa. Ukilisema, sisi sote ni wezi. Kituo kinafungwa. Nani atabaki na wagonjwa?" Kisha, kwa upole: "Na yule mtu ana watoto sita."

Sijui kama anaogopa au ana huruma. Nadhani vyote, na vyote ni vya kweli.

Jumatatu, 14 Machi

Mvua. Surua imepungua kambini. Imekosa wa kumshika.

Jumamosi, 26 Machi

Redio inatangaza tangu jana habari za wahujumu uchumi. Wanakamatwa kila mahali, watu wanaokutwa na sabuni, na khanga, na sukari. Leo kwenye kichaka nyuma ya soko wamekuta makatoni ya sabuni yaliyotupwa na walioogopa kukamatwa, yamelowa, povu linatiririka mtaroni na watoto wanalichezea. Mwaka mzima sikuwa na kipande cha kuoshea mikono.

Mwenye kuuza mafuta ya serikali leo hii hapelekwi kwenye kikao cha nidhamu. Anaondoka na mgambo, na hakuna ajuaye anarudi lini.

Kikao cha wilaya ni keshokutwa Kahama. Cornel atasoma taarifa yake. Ameniita.

Jumapili, 27 Machi

Nilikwenda kwa Telesphori baada ya misa, nikamwambia, "Twende wote. Useme mwenyewe, mimi nitasimama karibu yako. Ukisema mwenyewe huenda watakuhurumia."

Alikubali. Akaingia ndani kuvaa. Paskalia akatoka, akapiga magoti mbele yangu, yeye aliyenizidi umri. "Mama Kamili, wamechukua watu wa Isaka kwa debe moja la sukari. Watoto waliokufa hawarudi. Wangu wako hapa. Nihurumie hawa walio hapa."

Nilimwinua. Nikamwambia surua itarudi mwakani na mwaka unaofuata, na kama kliniki itakufa, nao walio hapa na wale wa Mgunga Mmoja hawatakuwa na kitu. Hakunisikia, au alisikia. Telesphori hakutoka ndani. Nilingoja mpaka jua likanichoma shingo, nikaondoka.

Jumatatu, 28 Machi

Nimesema.

Cornel alisoma kwanza. Alisema vijiji vya Septemba vimepona, machimbo hayakupona. Akaweka upande mmoja mafuta ya kliniki ya mwaka mzima, na upande mwingine vitu vya familia za Mgunga Mmoja: ng'ombe, pamba iliyopotelea kwenye magugu, akina mama waliokaa wadini wakati wa palizi, dawa, macho ya yule binti. Alisema ule upande wa pili umezidi mara nyingi, na kwamba makaburi hakuyatia humo kwa sababu hajui namna ya kuyatia na hataki kujifunza.

Mwenyekiti akauliza swali ambalo nilijua litakuja. "Lakini hao wa machimbo si walichanjwa? Basi faida iko wapi?"

Cornel anajua kitu kilitokea, hajui nani, sikumwambia. Aligeuka akanitazama, hakunilazimisha. Angeniacha nikae.

Nikasimama. Nikasema chanjo ya Mgunga Mmoja ilikuwa imekufa kabla haijatoka kwenye chumba changu, kwa sababu jokofu lilizimika. Wakauliza kwa nini lilizimika. Nikasema mafuta yaliuzwa. Wakauliza nani.

Nilisema jina lake. Jina la baba wa ubatizo wa mwanangu, mbele ya watu na mbele ya askari aliyekuwa mlangoni. Nikaongeza kwamba alikuwa hajalipwa tangu mavuno na kwamba hakujua, nikalirudia hilo la kutojua, lakini hakuna aliyeliandika.

Kliniki wameiacha iendelee. Safari moja kwa mwezi mpaka Desemba, kisha watapima tena. Cornel alinishika mkono nje, akataka kusema kitu, nikamwomba asiseme.

Jumatano, 30 Machi

Wamemchukua. Hakukimbia. Walimkuta anasafisha chujio la dizeli. Alinipa ufunguo wa Landrova kwa mikono miwili, kama anavyonipa chochote siku zote, akasema, "Gia ya pili inagoma, mwambie dereva mpya aipeleke taratibu."

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka. Paskalia amefunga mlango. Niliacha unga kizingitini. Jioni niliukuta umemwagwa njiani, kuku wanakula. Kesho nitapeleka tena.

Kamili ameniuliza baba yake wa ubatizo amefanya nini. Nimemweleza yote. Akauliza, "Na wewe ungefanyaje sisi tungekuwa tunakula michembe?" Ana haki ya kuuliza.

Jumatatu, 11 Aprili

Leo nimepeleka unga mara ya nne. Anisia ndiye aliyepokea, mama yake akiwa shambani. Hakuniamkia. Amepokea.

Ijumaa, 22 Aprili

Mgunga Mmoja. Dereva mpya, Gregory, ametundika mizani, na hakuna aliyekuja. Vibanda vimefungwa. Wanaume walinitazama kutoka kwenye vifusi.

Nilisimama katikati ya kambi nikasema kwa sauti kama mtu anayeuza samaki. Nilisema sindano za Novemba zilikuwa zimekufa. Nilisema hazikuleta surua, lakini hazikuizuia, nami niliwaahidi zitaizuia. Nilisema hizi za leo nimezilinda mwenyewe, nimelala chumba kimoja na jokofu. Mwanamke mmoja alitema mate. Nikarudi kwenye kigoda changu nikakaa. Jua likapanda. Gregory akauliza kama tufungashe, nikamwambia tungoje.

Bhoke akaja. Alikuja taratibu, Robi kiunoni, na kadi mkononi. Akasimama mbele ya meza.

"Amefikisha miezi tisa," alisema.

"Naona. Amekuwa mkubwa."

"Sijakusamehe."

"Najua, mama."

"Fungua hilo boksi."

Nikafungua boksi la baridi. Akanyoosha mkono, akautumbukiza kati ya pakiti za barafu mpaka kwenye kifundo, akauacha humo. Aliuacha mpaka midomo ikaanza kumtetemeka. Wanawake walikuwa wamefungua milango, wanatazama. Sikumwambia kwamba mkono hauwezi kujua, kwamba hata Telesphori alitia mkono.

Akautoa, umeloa, akaushika mguu wa Robi kwa mkono ule wa baridi. Mtoto akashtuka, akalia.

"Mchome," alisema Bhoke, na akageuza uso wake upande mwingine.